Kaye Yenye Jina Langu

Nusu ya kichwa changu ilikuwa imesukwa, nusu nyingine nywele zimesimama, niliposikia mwanamke wangu anamwosha mwanaume miguu.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kwa msusi, hapa Kasuku mjini Kindu, karibu na soko, mtoto ananyonya. Wanawake wengine wanne walikuwa wanangoja zamu yao. Msichana mmoja wa sekondari, bado na sketi yake ya bluu ya shule, alikuwa anawasomea kaye, daftari la mistari lililochakaa pembe kwa kupita mikono mingi. Mwanzoni sikutega sikio. Halafu nikasikia jina la mwanamke wa hadithi yangu, na maneno haya: "Akafungua mlango. Akasema, karibu nyumbani, baba watoto. Akachota maji ya moto, akapiga magoti, akamwosha miguu yenye vumbi la reli."

Wanawake wakapiga vigelegele. Msusi akaacha kichwa changu ili apige makofi, kitana bado mkononi.

"Njo hivyo!" akasema mmoja. "Mwanamuke wa kweli anasamehe."

Nikasimama. Mtoto akaachia ziwa, akalia. Nikamnyang'anya msichana ile kaye.

"Nani ameandika hii?"

Akanitazama kama anavyotazamwa mwalimu aliyeuliza jina lake mwenyewe. "Si weye, mama? Jina lako iko hapo juu."

Nikatazama jalada. Kweli. Jina langu lote, herufi kubwa, kalamu ya biki nyekundu. Chini yake: Sehemu ya kumi na tano. Na chini yake tena, limepigiwa mistari miwili: MWISHO.

"Umeipata kwa nani?"

"Kwa yule mama wa pale kwenye bomba lenu la maji. Mwenye kamtoto kenye jina la mwanamuke wa hadithi."

"Mama, keti nimalize," msusi akaniambia. "Utatembea vile?"

Nilitembea vile.

Nieleze vizuri, maana watu wengi Kindu walinisema siku ile na hawakujua kisa. Mimi ni mama wa mtoto mmoja. Diploma yangu ya sekondari ninayo, imekunjwa ndani ya sanduku la nguo. Kazi ya ofisi sikupata, basi nikaandika. Mchana mtoto akilala, naandika. Redio yetu ndogo ya mtaa ilinipa nafasi kila Jumapili, baada ya matangazo ya misiba na ya mbuzi waliopotea, niwasomee watu hadithi yangu sehemu baada ya sehemu. Nilisoma sehemu kumi na nne.

Ilikuwa hadithi ya mwanamke wa mji huu wakati wa vita, mji ulipofungwa na watu hawakuweza kutoka kwenda mashambani. Mume wake anaondoka kufuata reli mpaka kijiji cha Tunda kutafuta muhogo. Anaondoka amevaa mabuti mawili ya mpira, yote ya kushoto, kwa sababu njo yale tu yaliyopatikana. Anasema, siku nne. Vita vinapita, mume hayupo, kule Tunda amepata mke mwingine na watoto. Halafu siku moja anarudi. Anabisha mlango mara tatu. Mwanamke yuko ndani anatwanga sombe, majani ya muhogo, na anaendelea kutwanga mpaka kubisha kunakoma. Hapo nikafunga kaye yangu, nikawaambia wasikilizaji asanteni.

Mwanamke yule ni mama yangu. Hilo sikumwambia mtu. Nilimpa jina lingine, nikamhamishia ng'ambo ya mto Lualaba, nikamfanya muuza samaki wa moshi wakati mama yangu aliuza karanga. Lakini mlango ule ulikuwa wake, na kutofungua kulikuwa kwake. Nilitaka mji mzima usikie kwamba kuna mwanamke mmoja Kindu ambaye hakupiga magoti.

Mji ulisikia, na mji haukukubali. Motari mmoja, dereva wa pikipiki, alisimamisha moto yake katikati ya barabara, na abiria nyuma, ili anipigie kelele: "Mama, fungulia ule baba mulango, mvua inamunyeshea!" Hakukuwa na mvua katika hadithi. Mvua aliiweka yeye. Mama mmoja muuza maandazi, anayefunga kilemba chake vizuri kila siku, alinishika mkono sokoni akanong'ona: "Usifungue hata akilia damu." Walinzi wa redio walikuwa wananipa barua za wasikilizaji zimefungwa kwa kamba. Wengine walimwoza mwanamke wangu kwa mwalimu. Wengine walimleta mke wa Tunda apigane naye hapo kizingitini. Mmoja, nadhani mtoto wa shule, alimgeuza mume kuwa mamba wa mtoni.

Nilifurahi, sikatai. Nilizisoma zote nikicheka peke yangu. Nyuma ya nyumba nina mihogo, na majirani wanakuja kuchuma majani ya sombe kwenye uzio wangu. Wanapiga hodi, wanachuma, wanaenda kutwanga kwao, kila mmoja anapika anavyojua. Sijawahi kumkataza mtu. Majani yanaota tena. Lakini hakuna aliyewahi kuja na jembe kung'oa muhogo wenyewe, kisha akapika, kisha akawapa watu sahani na kuwaambia kwamba ni mimi nimepika.

Kwa hiyo siku ile, na kichwa changu cha nusu, mtoto mgongoni na kaye kwapani, nilienda moja kwa moja kwenye ofisi ya kartie, yaani ya mtaa. Sekretere alikuwa peke yake, anakula ndizi nyuma ya meza.

"Nani amekufa?" akauliza alipoona nywele zangu.

"Hakuna aliyekufa. Nakuja kushitaki."

Akafuta mikono, akavuta kartasi. "Mwenye kushitaki njo nani?"

"Miye."

"Na mwenye kuumizwa?"

"Mwanamke mmoja."

"Iko wapi?"

"Katika hadithi yangu."

Akaweka biki chini. "Mama. Makao yake?"

"Nimekuambia, katika hadithi."

"Hadithi iko kartie gani? Kama iko ng'ambo ya mto, kesi si yetu."

Nilimpigia kelele. Yeye hakunipigia kelele, na hilo liliniudhi zaidi. Alinieleza polepole, kama mtu aliyeona wazimu wa kila aina mezani kwake, kwamba malalamiko ya mdomo yanaenda na upepo. Niandike barua, nakala mbili, niseme nani amefanya nini na naomba nini, nijaze na nafasi ya makao ya aliyeumizwa, niilete apige muhuri. "Na usiandike na hasira," akasema. "Hasira inaandika ndefu."

Kabla ya kuandika nilipita kwa jirani yangu wa bomba. Nilimkuta anaogesha mtoto wake ndani ya beseni. Ni mdogo kwangu, ananiita yaya, dada mkubwa, na katika mtaa wetu njo yeye wa kwanza kuniletea uji nilipojifungua.

"Yaya! Kichwa chako kimefanya nini?"

"Acha kichwa changu. Hii nini?"

Alipoona kaye uso wake uling'aa. Naapa, uling'aa. "Umeisoma? Umeona nimeandika jina lako vizuri? Hata neno moja sikuiba."

"Kwa nini umeweka jina langu?"

"Hadithi ni ya nani? Si yako? Ningeweka jina langu wangesema miye mwizi."

"Lakini mlango sikuufungua miye!"

"Ndiyo, yaya. Ulisahau."

"Sikusahau! Nilikataa!"

Akamtoa mtoto majini, akamfunga ndani ya kitenge, akamkumbatia. Yule mtoto alikuwa ananitazama na macho yake makubwa, maji yanamdondoka kidevuni. Lazima niseme jambo hapa kwa wasio wa kwetu. Ukimpa mtoto wako jina la mtu, mtu huyo na mtoto wanakuwa majina, kila mmoja majina wa mwenzake, na si mchezo. Majina wako akiugua unaenda kumwangalia. Akipata heshima unashiba. Watu wanatazama maisha ya mkubwa ili wajue ya mdogo yatakuwaje. Jirani yangu alimpa mtoto wake jina la mwanamke aliyemsikia redioni, na aliponiambia nilicheka, nikamletea sabuni ya kufulia nepi. Sikufikiri mbele.

"Majina wa mutoto wangu hawezi kubakia vile," akasema. "Yaya, unajua baba yake iko kwenye machimbo, kule Pangi, tangu mimba ilikuwa ya miezi mitano. Hajatuma hata salamu. Na mutoto wake amebeba jina ya mwanamuke anayefunga mulango. Akirudi atapita wapi?"

"Ungemtafutia jina lingine."

"Alizaliwa juma la sehemu ya tatu," akasema. "Sehemu ya tatu walikuwa bado wanapendana."

Nikaondoka na kaye yake, bila kuaga, na njiani nikawa na hasira zaidi kwa sababu nilitaka kucheka.

Nyumbani mama yangu alikuwa chumba cha mbele, anabangua karanga. Siku hizi anaishi kwangu, nyumba ameniachia mimi, miguu inamuuma. Nikampa mtoto, nikakaa mezani, nikaandika barua. Sekretere alisema kweli: ilikuwa ndefu. Niliandika wizi. Niliandika uharibifu. Nikaomba kaye ichomwe mbele ya mashahidi, na mwandishi wake akatazwe kugusa biki kwa mambo yangu. Nikaisoma kwa sauti kusikia kama ina uzito.

Mama hakuinua macho. "Ichomwe?" akasema.

"Ichomwe."

"Sisi tulikuwa na kitabu kimoja," akasema. "Unakikumbuka?"

Nakikumbuka kuliko vitu vingi. Nilikuwa na miaka saba. Mji ulikuwa umefungwa, mto upo lakini mitumbwi haivuki, reli ipo lakini treni hakuna. Ndani ya nyumba yetu kulikuwa na kitabu kimoja cha picha, cha Kifaransa, picha za mwanaume mwenye tai na mwanamke mwenye nywele ndefu, maneno yakitoka midomoni mwao ndani ya visanduku vyeupe. Mama alikuwa anachana kurasa zake kufungia karanga. Alianza kuchana kutoka nyuma, kwa sababu alisema mwanzo ni mzuri, usiharibiwe. Karanga zilipokwisha mjini, kitabu kilibakia nusu. Mwanaume mwenye tai anashuka ngazi, mwanamke yuko dirishani, basi. Mwisho wake watu walikuwa wamekula nao karanga.

Mama hajui Kifaransa. Alasiri, tukiwa tumekaa kwenye mkeka na hakuna cha kupika, nilikuwa namwambia, soma. Naye alisoma. Alipofika kwenye ngazi alifunga kitabu na kuendelea na kinywa. Mwisho haukuwa mmoja. Siku ambayo tulikunywa maji tu, mwanaume na mwanamke walifunga ndoa, na palikuwa na wali, mbuzi wawili, sahani zisizohesabika, na mama alitaja kila sahani na nani aliipata. Siku mtoto wa jirani alipozikwa, mwanamke wa picha alizaa mtoto, akaugua, akapona. Siku mama alipokuwa amechoka na baba yangu, mwanaume mwenye tai aliteleza kwenye ngazi zilezile akavunjika mguu. Nilicheka mpaka njaa ikaniuma.

Aliyetunga kitabu kile alikuwa mbali, pengine hai, pengine amekufa. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Nilikaa na biki mkononi nikifikiri juu yake kwa mara ya kwanza maishani: mtu mmoja aliyeumia kichwa kutafuta mwisho wake, na mwanamke wa Kindu anaupasua kufungia karanga, kisha anaweka mbuzi wawili mahali pake. Je, angekasirika? Mimi ningekasirika. Ningeenda kwa sekretere. Na mimi niliyekuwa kwenye mkeka, nisingemrudishia hata mbuzi mmoja.

"Lakini ile si sawa," nikamwambia mama. "Wale walikuwa watu wa picha. Huyu ni..."

"Huyu ni miye," akasema.

Mikono yake iliendelea na karanga.

"Ulijua?"

"Tangu sehemu ya kwanza. Ni mwanaume gani mwingine alitoka Kindu na mabuti mawili ya kushoto?"

Jumapili kumi na nne alikuwa amekaa hapohapo, redio kwenye dirisha, na hakusema neno.

"Kwa hiyo unaona," nikasema, "wanakufanya upige magoti. Mbele ya msusi. Unaosha miguu."

"Kuosha miguu ni uwongo," akasema. "Maji yalikuwa machache." Akapepeta maganda. "Lakini mulango vilevile ni uwongo."

"Mlango gani?"

"Wako. Ule unaobishwa mara tatu. Mwanangu, nyumba ile haikuwa na mulango. Tuliuchoma. Njo kuni tulizopikia ule muhogo wa mwisho, mbao moja baada ya nyingine."

Nilimwambia haiwezekani. Naukumbuka: wa mbao, rangi ya kijani, na kitasa kilichokuwa kinalia.

"Wa kijani njo ule pale," akasema, akionyesha kwa kidevu mlango wa nyumba hii tuliyomo. "Tulihamia hapa una miaka kumi na mbili."

Kizingitini, wakati ule, alikuwa ametundika kitenge chake cha arusi. Baba yangu hakuwa na mahali pa kubisha. Alisimama nje akakohoa. Mama alitazama chini ya kitenge akaona viatu. "Viatu vizuri, vya ngozi," akasema. "Cha kulia na cha kushoto. Njo nikajua iko na muke." Alimpa maji, kwa sababu mtu ametembea kutoka Tunda. Baba akanywa amesimama. Mama akapokea kikombe, akamwambia safari njema. Mimi nilikuwa ndani, nimelala na homa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulikuja na mulango wako."

Hapo hasira yangu ilitakiwa iishe. Haikuisha. Nilikasirika na mama kwa Jumapili kumi na nne za kunyamaza, nikakasirika na mimi mwenyewe kwa kumfungia ndani ya nyumba nyuma ya mbao ambazo alikuwa amezichoma kwa mikono yake ili nile. Nilikuwa nimemfanya mgumu kuliko alivyokuwa. Au mlaini kuliko alivyokuwa, bado sijaamua. Kumpa mtu maji na kupokea kikombe, mimi nisingeweza. Na jirani yangu alichukua kutoka kwangu kama mimi nilivyochukua kutoka kwa mama, tofauti ni kwamba yeye angalau aliandika jina la mwenye hadithi juu ya jalada. Mimi la mama sikuandika.

"Nikisema ukweli redioni, watu watajua ni weye," nikamwambia.

"Wajue."

"Na huyu wa bomba? Nimwache tu?"

Mama alitia karanga mbili kinywani, akatafuna. "Maneno yake asifute," akasema. "Bwana yake hajarudi bado."

Nikachana ile barua ndefu, nikaandika nyingine. Kesho yake nilirudi kwa msusi amalize upande wa pili, maana hata malalamiko yanataka uso wa heshima. Halafu nikaenda kwenye kartie. Sekretere alisoma yote, akasoma tena mstari wa mwisho, akapiga muhuri. Nilichompa njo hiki, neno kwa neno:

Kwa mkuu wa kartie, na nakala kwa redio ya mtaa.

Mimi niliyetia sahihi hapa chini, mama wa mtoto mmoja, mkaaji wa Kasuku, naleta malalamiko dhidi ya jirani yangu wa bomba na dhidi yangu mwenyewe.

Jirani yangu ameandika sehemu ya kumi na tano ya hadithi na ameweka jina langu juu yake. Sikuiandika mimi. Naomba afute jina langu na aandike lake, kwa herufi kubwa zilezile na biki ileile nyekundu. Siombi kaye ichukuliwe. Niliichukua mimi bila haki, nairudisha pamoja na barua hii, apewe mkononi. Mlango wake auache wazi anavyotaka. Neno MWISHO naomba alifute, kwa sababu mtu wa hadithi ile bado yuko hai, na hata mume wa jirani bado yuko njiani.

Mimi kwa upande wangu nilisoma redioni kwamba mwanamke yule alikataa kufungua mlango. Nyumba ile haikuwa na mlango. Uliingia motoni wakati wa vita, ukapika muhogo, na mimi nilikula. Mwanaume alisimama nje ya kitenge, akapewa maji, akaambiwa safari njema. Naomba redio isome sahihisho hili Jumapili, kabla ya matangazo ya misiba, na iseme kosa ni la nani. Jina langu liwekwe hapo, hapo njo mahali pake.

Aliyeumizwa: mama yangu mzazi. Makao: kwangu, chumba cha mbele. Asiitwe ofisini, miguu inamuuma. Mwenye swali aje mwenyewe mchana, mlango huwa wazi, na amkute anabangua karanga.